Mtini wa Amana

Tawi lilianguka usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi wa kwanza, usiku usio na upepo wala mvua. Nilidhani wezi wameruka ua. Kulipopambazuka nikakuta tawi nene kama paja limelala juu ya paa la jiko la jirani, bati moja limebonyea na jingine limeng'oka misumari. Nilipolishika nilishangaa wepesi wake. Lilikuwa limekauka siku nyingi, wadudu wamelila ndani likabaki unga, na sisi tulikuwa tunapita chini yake kila siku na ndoo za maji. Jirani alitoka na mswaki mdomoni. Hakufoka. Alisema tu, "Mama, huu mti wenu utakuja kuua mtu," akarudi ndani.

Mti wenyewe ni mtini. Nafafanua mapema kwa sababu huku kwetu ukisema mtini, watu wengi hufikiria mtuba, ule unaotoa kitambaa cha gome, au mkuyu wa kando ya mto. Hiyo ni ndugu zake. Ukoo wa miti hiyo una zaidi ya aina 750 duniani. Huu wetu ni mtini wa kuliwa, ule ambao Mwenyezi Mungu anauapia katika sura ya 95 ya Qurani, Wattini wazzaytuni: majani mapana yaliyogawanyika kama vidole, yanakwaruza ukiyapitisha mkononi, na tunda laini kama kifuko, zambarau kwa nje, jekundu kwa ndani. Unasimama uani kwetu Mpumudde, hapa Jinja. Watoto wa mtaa wanauita mti wa Wahindi, na hawajakosea.

Babu yangu alikuja Jinja kutoka Tanga, fundi cherehani, miaka ile bwawa la Owen Falls likijengwa. Bwawa lilifunguliwa mwaka 1954. Umeme ukaleta viwanda, viwanda vikaleta watu: Waluo, Wasamia, Wagisu, Waganda, Wanubi, pamoja na Wasoga wenyewe wenye ardhi. Kiswahili ndicho kilichowapatanisha kazini na kwenye foleni ya maji, na nyumbani kwetu hatukuwahi kuwa na lugha nyingine. Babu aliweka cherehani yake kwenye baraza la duka la Muhindi, barabara kuu. Muhindi anauza kitambaa ndani, babu anashona nje. Mke wa mwenye duka, bibi yangu alimwita Ba, kama watoto wake mwenyewe walivyomwita. Ba alikuwa na mtini uani, nyuma ya duka. Mama mkwe wake ndiye aliyeupanda, kutokana na kijiti kilichokuja na meli kutoka Kisumu.

Mwezi wa nane mwaka 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Mama yangu alikuwa na miaka 12. Anachokumbuka zaidi ni mbwa: mbwa walioachwa, wakizunguka mitaa ya mjini wakikwaruza milango ya nyumba zilizofungwa. Na anakumbuka Ba alivyopanda Mpumudde kwa miguu, mwezi wa kumi, mvua za vuli zimeshaanza, amebeba kitu kwapani kama mtoto. Vilikuwa vijiti vitatu, vimefungwa kwenye kipande cha sari kilicholoweshwa. Akampa bibi akamwambia kwa Kiswahili chake cha dukani, "Weka. Mimi takuja chukua."

Bibi alichomeka viwili nyuma ya jiko, kimoja karibu na bafu ambako maji yalikuwa yanapita. Kilichoshika ni hicho cha bafuni. Baada ya muda ikaja barua moja kutoka Leicester, Uingereza, ikiuliza hali ya babu, hali ya watoto, na mwisho kabisa neno moja na alama ya kuuliza: anjir? Ndivyo Wahindi wanavyoiita tini. Babu alijibu kwamba imeshika. Baada ya hapo hakukuwa na barua nyingine. Ule mti wa dukani wenyewe ulikatwa baadaye, uani pakamwagwa zege, kwa hiyo wetu ukabaki ndio huohuo.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa nje anaweza kuliona dogo. Kwa bibi, neno la Ba lilikuwa limeufanya mti ule kuwa amana. Si zawadi. Zawadi ni yako, unaifanyia upendavyo. Amana ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubisha hodi wakati wowote akakuta umeipunguza. Bibi alikula tini zake na akazigawa, akisema tunda likiiva lisipoliwa ni dhambi, lakini chuma hakikupita kwenye mti. Mjomba wangu aliwahi kukata tawi moja la kujengea banda la mbuzi. Bibi hakumsemesha siku tatu. Sisi wajukuu tulikua tukijua kwamba unaweza kuupanda ule mti, unaweza kulala chini yake, unaweza kufunga bembea, ila usiukate.

Bibi alifariki mwaka 2014 akaniachia nyumba, na nyumba ikaja na hofu yake. Miaka ikapita. Nilikuwa naufagilia majani, basi. Nikiulizwa nilisema ni wa bibi, hatuugusi, na nilisema kwa fahari.

Hebu nieleze ulivyokuwa asubuhi ile, maana nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kuutazama kweli. Shina moja alilolichomeka bibi lilikuwa limezungukwa na machipukizi ya chini yapatayo 20, mengine mazito kama mkono, yamebanana kama ua wa matete. Kuku walikuwa wanataga humo ndani na hatukuwa tunayaona mayai. Juu matawi yalipishana na kusuguana hadi magome yamechubuka, na pale yanaposuguana palikuwa na vidonda vyeusi vinavyotoa maji. Katikati palikuwa na giza. Majani yaliyokuwa hai yalikuwa kwenye ncha tu, juu sana, na chini ya kila jani nilipoligeuza palikuwa na unga wa rangi ya kahawia ulioganda kama kutu, uliobaki kwenye vidole vyangu. Tini zenyewe zilikuwa chache, ndogo kama gololi, zote mita saba angani ambako wanaofika ni popo. Mti uliokuwa unajaza sinia mbili kila siku tatu nilipokuwa msichana.

Nilimpigia simu mjomba, yule yule wa banda la mbuzi. Sasa ni mzee, amesoma dini, na watu humwendea na maswali yao. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mtu akikuachia mbuzi amana, akasafiri, utamlisha au hutamlisha?" Nikasema nitamlisha. "Kwato zikirefuka?" Nikasema nitazikata. Akasema, "Dada yangu, mama yako, angekujibu hivyo hivyo. Mama yetu sisi aliogopa mkono wake mwenyewe, Mungu amrehemu. Ukiiacha amana ife kwa sababu hukutaka kuigusa, umeipoteza, na utaulizwa."

Maneno yale yaliniuma kwa ajili ya bibi. Bado yananiuma kidogo. Lakini nilijua ni kweli.

Kazi yenyewe sikuijua, ndipo nikamfuata Ssalongo. Ssalongo ni jirani yetu wa bondeni, mstaafu wa kiwandani, Muganda wa upande wa Mpigi, wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji. Anayejua Buganda anaelewa maana yake: hao ndio mafundi wa lubugo, kitambaa cha gome, tangu enzi za wafalme wa zamani, kazi ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa hazina ya urithi wa binadamu. Kwenye ua wake Ssalongo ana mituba sita. Anaivuna mwenyewe na kuigonga mwenyewe, na kukiwa na msiba mtaani watu huja kwake kutafuta kipande.

Alikuja na fimbo yake, akauzunguka mtini mara mbili. Akaukwaruza kwa ukucha hapa na pale. Kila alipokwaruza palionekana kijani chini ya ngozi. Akasema, "Binti yangu, huu mti haujafa. Una njaa ya jua." Nikamweleza habari za amana na bibi na Ba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanichukua hadi kwake, akaniweka mbele ya mtuba mmoja akanionyesha shina. Lilikuwa na ngozi laini ya rangi ya shaba, tofauti na matawi ya juu yenye gome la kijivu. Akanieleza: wakati wa mvua unaparua gome la nje, unakata duara juu na duara chini, unapasua wima, unalivua gome zima kama unavyomvua mtoto kanzu. Halafu unaufunga mti kwa majani ya mgomba ili usiungue na jua. Gome jipya linarudi, na mwakani unavuna tena. "Gome la kwanza huwa gumu," alisema. "Nguo nzuri inatoka kwenye mti uliokwisha kuvuliwa. Huu niliukuta mdogo kuliko wewe. Nimeuvua mara ngapi? Na bado uko hapa unanitazama."

Nikaushika ule mtuba. Ulikuwa wa baridi.

Akanipa tarehe: wiki ya mwisho ya mwezi wa pili. Kwenye nchi za baridi hupogoa mtini wakati umepukutisha majani na umelala. Wetu haulali sawasawa, ila kiangazi cha mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili unapunguza mwendo, majani yanaanguka, na ndio wakati wake. Ukikata katikati ya mvua vidonda vinabaki vibichi na kuoza. Ukikata mwisho wa kiangazi, vidonda vinakauka kwanza, halafu mvua ya mwezi wa tatu inakuja kusukuma machipukizi mapya. Na machipukizi mapya ndiyo ya maana, kwa sababu mtini huzaa mazao yake makuu kwenye mbao changa za msimu huohuo. Hilo ndilo bibi hakulijua. Mti usiokatwa unazidi kuipeleka mbao changa juu na mbali, na tini zinaifuata huko.

Siku ya kazi tulianza saa moja asubuhi: mimi, mwanangu wa kiume, na Ssalongo kwenye kiti akiwa msimamizi. Nilikuwa na msumeno, panga, na mkasi wa kahawa, ule wa kupogolea, niliouazima kwa rafiki mwenye shamba. Panga alilikataa palepale. Panga linapasua, alisema, na mpasuko unashika maji. Tukaanza na kilichokufa, kwa sababu hapo hakuna hofu. Unakata na hakuna kinachotoka. Kisha vilivyougua. Kisha, kati ya kila matawi mawili yanayosuguana, moja.

Tawi langu la kwanza lililo hai sitalisahau. Ssalongo alinifundisha kukata chini kwanza, theluthi ya unene, halafu juu, mbele kidogo ya pale nilipoanzia, ili tawi likianguka lisichane ngozi ya shina hadi chini. Baadaye unarudi kuondoa kisiki kilichobaki, karibu na ile shingo iliyovimba ambapo tawi linatokea, bila kuikata shingo yenyewe, maana ndiyo inayofunga kidonda. Nilipopitisha msumeno upande wa juu, maziwa yakatoka. Siyo tone. Yalibubujika meupe kabisa, yakashuka kwenye meno ya msumeno hadi kwenye mkono wangu, na harufu yake ni ile harufu ya kijani ya utotoni, ya majani tuliyokuwa tunayaponda tukicheza kupika. Nilisimama. Mwanangu akadhani nimechoka akataka kunipokea. Nikamwambia ngoja. Nikamaliza mwenyewe.

Tuliondoa machipukizi ya chini yote isipokuwa mawili, tukafungua katikati hadi ukikaa chini unaiona mbingu. Nikataka kuendelea. Mkono ukishazoea, msumeno unakuwa na hamu. Ssalongo akanizuia: theluthi moja mwaka huu, theluthi mwakani, theluthi mwaka wa tatu. Mtini unavumilia kukatwa vibaya kuliko miti mingi, lakini mzee hukatwa kwa awamu. Halafu akataka chokaa. Tukaikoroga na maji, tukapaka shina na matawi yaliyokuwa kivulini miaka yote, maana gome lililozoea kivuli likipigwa ghafla na jua letu huungua na kupasuka. Majani yenye kutu tuliyafagia yote, hata yaliyooza, tukayachoma mbali na mti, kwa sababu ugonjwa ule hukaa humo ukisubiri mvua.

Kosa langu lilikuwa mikono. Nilivaa glavu lakini shati lilikuwa la mikono mifupi, na yale maziwa yalinikaukia kwenye ngozi saa nne nzima juani. Jioni nilioga sikuhisi kitu. Siku ya pili mikono ikawa myekundu, ya tatu yakatoka malengelenge kama nimemwagikiwa uji, na madoa meusi yalibaki miezi. Utomvu wa mtini una kemikali ambayo ngozi ikiwa nayo kisha ikapigwa na jua, inaungua. Kwa hiyo nawasihi: mikono mirefu, hata kukiwa na joto la namna gani, sabuni na maji kila unapopumzika, na watoto wasiyachezee matawi yaliyokatwa. Sisi tulipokuwa wadogo tuliyachezea kivulini, ndiyo maana hatukujua.

Kufika mchana uani kulikuwa na rundo refu kunizidi mimi. Nilikuwa nimepanga kuni. Ssalongo akavuta tawi moja akalitazama kama mtu anayesoma barua, akaniuliza, "Huyo mama Muhindi alileta nini hapa? Alileta mti?"

Alileta vijiti vitatu.

Tulikaa mchana wote kuvitengeneza. Unachagua mbao ya mwaka jana, iliyoanza kuwa ya kijivu, unene wa kalamu hadi wa kidole gumba. Ile ya kijani ya nchani huoza, ile nzee inachelewa. Kila kijiti kina urefu wa sentimita 20 hadi 30 na macho matatu au manne, yaani zile sehemu za kuchipukia. Chini unakata moja kwa moja, mara tu chini ya jicho, kwa sababu mizizi hupenda kutokea hapo. Juu unakata mshazari. Mshazari unamwaga maji, na pia unakukumbusha upande upi ni juu, maana ukishakuwa na vijiti 70 mkononi vyote vinafanana, na kilichopandwa kichwa chini hakishiki. Unaviacha kivulini siku moja maziwa yakauke kwenye majeraha. Kisha unachomeka, theluthi mbili ndani ya udongo, jicho moja au mawili nje.

Mimi nilitumia kavera za maziwa, yaani mifuko ya plastiki, majerikani yaliyokatwa nusu, chochote chenye matundu chini. Udongo sehemu mbili, mchanga sehemu moja, mchanga tulioutoa Masese ziwani na kuusuuza. Samadi sikuweka, kijiti kisicho na mizizi hakina mdomo wa kulia, na samadi mbichi inakiozesha. Kuna jambo jingine zuri kuhusu kijiti: hakitoki na udongo. Mtini una adui wa chini, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayofanya mizizi iwe na vinundu, na ukichimba chipukizi lenye mizizi unaweza kumpelekea mwenzako minyoo pamoja na zawadi. Kijiti cha juu ya mti kinakwenda kisafi.

Wiki ya tatu nilifurahi mno. Vijiti karibu vyote vilitoa majani, madogo, yamekunjana kama ngumi za mtoto mchanga. Nikapiga picha, nikawatumia ndugu, nikawapa watu watatu siku hiyohiyo. Wiki ya tano majani yakaanza kulegea, kimoja baada ya kingine, na vile vitatu nilivyovigawa vikafa vyote. Nilipovuta kimoja kilichonyauka kilitoka laini, chini hakina hata uzi. Ndipo nikaelewa. Yale majani ya kwanza hutoka kwenye chakula kilichobaki ndani ya mbao. Mti unakuwa umetumia akiba yake kutazama nje kabla ya kushika ardhi. Na mimi kwa furaha yangu nilikuwa navimwagilia asubuhi na jioni, vikizama. Tangu hapo sikumpa mtu kijiti hadi nione mizizi kwenye matundu ya kavera, au hadi nikivuta kidogo nisikie kinanivuta. Maji nikapunguza hadi nikichomeka kidole nikute udongo umekauka kwa juu. Katika 72, vilishika 41.

Watu walianza kuja wenyewe. Jirani wa bati alichukua wa kwanza, nami nilimtengenezea paa lake kwa mabati mapya, hilo lilikuwa deni. Mjomba alichukua miwili. Mwalimu wa madrasa ya mtaani alichukua mmoja ili watoto wanaosoma Wattini wauone mti wenyewe. Mingine ilikwenda Bugembe, Iganga, Kibuli, na mmoja Busia kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda, umefungwa kanga. Ndugu zetu wa Mombasa waliniomba niwatumie kwa basi, ndani ya sanduku la nguo. Niliwakatalia na walinuna. Mimea ikivuka mpaka inatakiwa cheti cha ukaguzi wa afya yake, na kwa kutu niliyoiona kwenye majani yangu siwezi kujifanya sijui kwa nini.

Mama yangu alipoona kavera zimejaa ukutani alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza upi ni wa Ba. Sikujua la kumjibu, na swali lake lilinikalia wiki nzima, hadi nilipojifunza jambo ambalo pengine ningelijua zamani kama ningeuliza. Mitini ya mwituni inahitaji nyigu wadogo waingie ndani ya tunda kuyachavusha maua, kwa maana tini ni maua yaliyojifungia ndani, na karibu kila aina ina nyigu wake. Mtini kama wetu huzaa bila nyigu. Kwa hiyo punje zake ni tupu. Ukizipanda hazioti. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua huko Gilgal, bonde la Yordani, tini zilizoungua zenye umri unaozidi miaka 11,000, na baadhi yao wanaamini zilitokana na miti ya namna hii. Mti wa namna hii haujiendelezi peke yake. Lazima mtu aukate na mtu mwingine apokee. Ba alipokea kwa mama mkwe wake, naye alipokea kwa mtu Kisumu, na huyo kwa mwingine, na hakuna mahali katika mkono huo mrefu ambapo mti ulikuwa mpya. Ni uleule. Nikamwambia mama, "Yote ni wa Ba." Akatikisa kichwa taratibu, akachukua mmoja, akaenda kuuweka karibu na bafu lake.

Mwezi wa nane mti mkubwa ulikuwa umejaa matawi mapya ya urefu wa mkono, na kwenye kikwapa cha kila jani kulikuwa na tini. Kutu ilirudi kidogo mvua zilipokolea, si kama zamani. Tunda haliivi likishachumwa, kwa hiyo unasubiri hadi shingo ilegee na tunda liiname lenyewe, na hapo unashindana na popo. Sasa ninafika bila ngazi. Nilijaza sinia moja, si mbili, na nikampelekea Ssalongo la kwanza. Yeye alikuwa ameniomba tawi nene kama kifundo cha mkono, akalichomeka moja kwa moja ardhini langoni kwake, kama anavyopanda mtuba. Nilimwambia halitashika. Limeshika.

Theluthi ya pili ni mwezi ujao. Ssalongo alikuja juzi na kopo la chokaa, akaweka alama kwenye matawi yanayotakiwa kuondoka. Mojawapo ni lile la upande wa jiko, la chini, ambalo bibi alifunga waya wa kuanikia kanga zake. Waya bado upo. Mti umeumeza, unaingia kwenye gome upande mmoja na kutokea upande wa pili, na gome limeufunika kama midomo iliyofumbwa. Tawi lina kidonda cheusi mbele ya waya na kuanzia hapo halina jani. Nimelitazama kila asubuhi tangu juzi nikinywa chai. Kuna macho matano mazuri kwenye kitawi kidogo kilichochipuka nyuma ya waya, upande wa shina, na nimeyafungia uzi mwekundu ili nisiyapoteze siku hiyo. Msumeno nimeshaupeleka kunolewa.